Chungu cha Angetile na Mashauri ya Ambrose

Alhamisi, tarehe 12 Juni 1952. Alfajiri ilinyesha mvua nyembamba, ile ya mwisho wa masika ambayo Kyela huchelewa kuiaga, kisha upepo wa kusini ukaifukuza, na ilipofika saa moja jua lilikuwa limetoka bila joto. Mbali juu ya ziwa, wingu la kungu lilisimama kama moshi wa shamba linalochomwa. Upepo ulipogeuka kidogo, wadudu wale walimwagika ufukweni Mwaya, wakawaingia watu puani na machoni, na wakaingia katika kila chombo kilichoachwa wazi.

Angetile alikuwa akiteremsha vyungu vyake kutoka mtumbwini na kuvipindua kimoja kimoja juu ya majani ya migomba, mdomo chini, kungu wasiingie. Vilikuwa thelathini na viwili. Alivihesabu walipong'oa nanga Ikombe, ng'ambo ya ziwa, usiku, akavihesabu tena walipofika, na havikupungua.

Alikuwa Mkisi, wa kabila la wafinyanzi, mwenye umri wa miaka thelathini na minne au mitano, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Mumewe, Hezekia, alikuwa mwaka wa pili migodini Afrika Kusini. Kwa miaka kumi na mmoja Angetile alifinyanga kwenye moto wa mama mkwe wake, Anyitike, na kila chungu alichokifinyanga kilitiwa shingoni alama ya Anyitike, ambayo ni mstari wa kucha. Ndivyo ilivyo kwa wafinyanzi wa ng'ambo ile: mwenye moto ndiye mwenye alama, hata kama mikono ni ya mwingine. Oktoba iliyopita, kabla ya mvua, Angetile aliwasha moto wake mwenyewe nyuma ya nyumba yake, akaanza kutia alama yake, ncha za vidole viwili zilizokaa pamoja. Anyitike hakugomba. Alikuja kuutazama moto ule, akasema, "Wacha wavune mpunga, tutaona. Vyungu vyako vikirudi na mtumbwi, utarudi kwangu, na hivyo vidole vyako utavifungia nguoni."

Mavuno yalikuwa yamefika. Mitumbwi miwili ya kwanza iliyobeba alama ya vidole viwili ilikuwa imerudi Ikombe na vyungu zaidi ya nusu. Huu ulikuwa mtumbwi wa tatu, na Angetile hakuwa na udongo wa kutosha mtumbwi wa nne.

Ni kwa sababu hiyo alimsikiliza Ambrose.

Ambrose alikuwa mtu wa Kasumulu. Alikaa kusini miaka minne, mmoja mgodini na mitatu juu ya lori la kampuni ya sabuni ambayo aliipa jina tofauti kila alipoitaja. Kazi yake ilikuwa kupiga santuri, watu wakusanyike, kisha kuwaambia kwamba wananuka. Alirudi na kofia, sanduku la bati, na ujuzi aliouita kukuza biashara. Duka lake mwenyewe hakuwahi kuwa nalo, hata la viberiti. Lakini aliyeanza jambo lolote kati ya Kasumulu na Mwaya, awe fundi wa baiskeli, mshonaji au muuza maandazi, alimwona Ambrose mlangoni kabla ya mteja wa kwanza. Malipo yake yalikuwa kimoja katika kila kumi, pamoja na chakula.

Angetile hakumpenda tangu siku ya kwanza. Alijipaka nywele mafuta yenye harufu ya maua yaliyosahauliwa ndani ya maji. Alikuwa na mazoea ya kumshika mtu kiwiko anapozungumza, kama vile mtu huyo angekimbia, na huenda wengi walikimbia. Aliwaita wateja "wale," na akisema "wale" alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Dada, unakosea kwenye udongo," alimwambia mara ya kwanza, huko Ikombe. "Chungu chako wanakulipa kwa kukijaza mpunga, sivyo? Basi kifanye chembamba. Udongo wa vyungu viwili utoe vitatu, na tumbo la kila kimoja liwe kubwa zaidi. Umeongeza mali pande mbili kwa siku moja."

"Kitapasuka jikoni."

"Jikoni kwa nani?"

Angetile alimtazama. Ambrose alirudia swali lake taratibu, akiona hakueleweka. "Jikoni kwa nani, dada? Kwako au kwake?"

Hilo alilikataa. Lakini mengine yalikuwa na maana, na jambo hilo ndilo lililomkera zaidi, kwamba kinywa kile kiliweza kutoa kitu chenye maana. Ambrose alisema anayeanza asitafute watu mia, atafute kumi wanaoweza kugombana kwa ajili ya kitu chake. Alisema waendee nyumbani kwao, wajue kwa majina, uliza chungu cha zamani kilivunjikia wapi. Alisema sufuria za bati zimeingia madukani, na mwanamke hatarudi kwenye udongo kwa sababu ya kumwonea huruma mfinyanzi. Kisha, baada ya kusema hayo, alimeza mate na kuongeza, "Na wale, dada, hawanunui wanachokiona. Wananunua walichokisikia kwa mwenzao. Mwenzao huyo nitamleta mimi."

Angetile alitikisa kichwa kukubali. Hakusema ndiyo. Baadaye alijikumbusha mara nyingi kwamba hakusema ndiyo, na kila mara alijiona mjinga.

Siku hiyo ya Alhamisi Ambrose alifika ufukweni saa mbili, soko likianza kujaa. Zebedayo, mdogo wake Hezekia aliyeleta mtumbwi, alikuwa amechoma mbasa wawili. Ambrose aliketi bila kukaribishwa.

"Karibu, bwana mkubwa," Zebedayo alisema. "Tulikuwa tunamwogopa samaki huyu, hatukujua nani atamla kichwa."

"Kichwa ni cha mwenye kichwa," Ambrose alijibu, akakichukua.

Alikula kwa sauti. Alinyonya jicho, akalamba kidole gumba, akachambua shavu la samaki kwa ukucha. Mifupa hakuitupa mchangani. Aliinua chungu kilichokuwa karibu naye, kipya, akakigeuza mdomo juu, na akaitemea humo, mmoja mmoja, huku akiendelea kueleza jinsi watu watakavyosimama na nani aseme nini kwanza.

Angetile aliacha kutafuna.

Chungu kipya hakitiwi kitu, ila mpunga mkavu wa kukipimia bei. Kinatoka motoni, kinavuka ziwa, kinapanda kichwani kwa mnunuzi, na kitu cha kwanza kupikwa humo ni uji mwepesi ambao mnunuzi mwenyewe huupika jikoni kwake ili udongo ufunge vinyweleo. Hata maji ya kunywa hayatiwi kabla ya uji huo. Kwa hiyo mnunuzi akifika sokoni huinua chungu, huingiza pua ndani, na anatakiwa asikie moshi tu. Kisha hukigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Wakati huo mfinyanzi hunyamaza. Akijisifia, watu humshangaa kama mtu anayejisifia mtoto wake mbele ya wachumba. Wakikubaliana, mpunga humiminwa hadi mdomoni, kisha hutolewa. Mpunga huwa wa mfinyanzi, chungu cha mnunuzi.

"Kaka Ambrose," Angetile alisema, "hicho ni chungu cha watu."

Ambrose alichungulia ndani. "Kitasuguliwa. Maji hayajaisha ziwani."

"Harufu ya samaki haitoki kwenye udongo."

"Basi atanusa nani, dada? Wewe unanusa kwa sababu umeona."

Zebedayo alicheka kidogo, kisha akaona uso wa shemeji yake akaacha. Angetile alikitwaa chungu kile, akakung'uta mifupa, akakiweka peke yake nyuma ya mtumbwi. Vikabaki thelathini na kimoja. Mkono wake ulinuka, akausugua kwa mchanga mara mbili.

Saa tatu Ambrose alimleta yule mwenzao. Alikuwa mwanamke wa Mwaya aitwaye Marita, mchangamfu, aliyefunga kitambaa cha kanisani kichwani. Hakuwa mtu mbaya wa sura wala wa sauti. Alisimama kati ya wanunuzi kama mnunuzi, na mwanamke wa kwanza alipoinama kunusa, Marita alisema, bila kumtazama mtu, "Hivi ndivyo nilivyo navyo mimi. Mwaka wa tatu huu, maharage kila siku, hakijatoa hata ufa. Nimekuja kumchukulia wifi yangu."

Mwanamke yule aliinua kichwa. "Miaka mitatu?"

"Mitatu. Kimeshinda sufuria ya mume wangu."

Watu walicheka. Mwanamke hakukigonga chungu. Alimimina mpunga wake, na Angetile akaushikilia mfuko ili usimwagike. Aliutazama mpunga ukishuka, safi, bila mawe. Alijua kwamba wakati wa kusema ulikuwa sasa, na kwamba ukipita utakuwa umepita. Mpunga ulifika mdomoni. Mwanamke alishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mama," akaenda zake. Alikuwa jirani wa soko, nyumba ya tatu toka kanisani.

Wa pili alikuwa dada wa huyo wa kwanza. Safari hii Marita aliongeza pombe ya harusi iliyopikwa ndani ya chungu hicho hicho. Ambrose, aliyesimama kando na kofia yake, alimkonyeza Angetile. Konyezo lile lilimkaa mwilini kama utando wa buibui. Alijipangusa shavu bila kujua kwa nini.

"Wamebaki wanane," Ambrose alimnong'oneza, akamshika kiwiko. "Kumi wakitimia, hata mama mkwe wako atakuja kuuliza bei."

Vyungu ishirini na tisa vilikuwa bado juu ya majani. Ambrose alikwenda nyuma ya mtumbwi, na aliporudi alikuwa na chungu cha thelathini, kimesuguliwa kwa mchanga, kinang'aa maji. Alikitanguliza mbele ya vingine vyote. Angetile alifungua mdomo, na wakati huo huo mtu alisema, "Ugonile."

Aliyesalimu alikuwa Bibi Asegelile wa Ndandalo. Wafinyanzi wote walimjua. Alikuwa mjane mwenye shamba kubwa la mpunga, na kila mavuno alitembea saa mbili na zaidi kuja kuchagua vyungu vya nyumba yake na vya wakwe zake watano. Wanawake wengi wa Ndandalo walingoja kuona amechukua cha nani. Nyuma yake walisimama wanne wenye mizigo ya mpunga kichwani.

"Ugonile, bibi," Angetile aliitikia, akapiga magoti kidogo.

Bibi Asegelile aliinama. Aliinua chungu kilichokuwa mbele.

"Hivi ndivyo nilivyo navyo mimi," Marita alianza.

Kizee aliingiza pua. Alikaa hivyo kitambo. Akautoa uso wake, akapangusa ncha ya pua kwa mgongo wa mkono, akanusa tena, polepole, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya pili.

"Chungu kipya kina samaki," alisema.

Marita, ambaye wepesi wake ulizidi akili yake, alidakia, "Hicho, bibi, ndicho changu. Nimekileta kuwaonyesha watu. Miaka mitatu nakipikia, ndiyo maana."

Bibi Asegelile alikigeuza chungu, akapitisha kidole gumba shingoni. Vidole viwili vilivyokaa pamoja. Alimtazama Marita kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mwanangu," alisema, "mpunga huu wangu nilipoupanda, alama hii nilikuwa nimeiona mara moja tu. Mwaka jana wakati kama huu haikuwapo duniani. Wewe miaka mitatu ulikuwa unapikia nini?"

Mmoja wa wale wanne alicheka puani. Marita alirekebisha kitambaa chake cha kanisani.

Ndipo Ambrose alipojisogeza. Hakuonyesha aibu hata kidogo. Alikuwa kama mtu aliyeona mvua akahamisha kiti. "Bibi, pole sana," alisema kwa sauti ya lori la sabuni. "Kuna kuchanganyika hapa. Dada huyu alifinyanga kwa mkwewe. Vyake vilikaa pamoja na vyungu vichafu vya kule. Hiki Anyitike alikipikia samaki. Sema, dada. Mweleze bibi."

Akamshika kiwiko.

Angetile alihisi vidole vile, vyenye mafuta ya samaki bado. Njia ilikuwa wazi mbele yake. Neno moja tu, na uchafu ungevuka ziwa ukaenda kukaa kwa mama mkwe wake, ambaye hakuwapo kujitetea, na ambaye kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kumpa hata shukrani. Wale wanne wangeshusha mizigo yao. Alijiona akilisema neno hilo. Akavuta kiwiko chake.

"Ni changu," alisema. "Kilitiwa mifupa ya samaki asubuhi ya leo. Nilikiweka kando. Na huyu hajawahi kuwa na chungu changu."

"Ulijua," Bibi Asegelile alisema.

"Nilijua."

"Na hao waliochukua kabla yangu?"

Angetile alitazama upande wa kanisani. Kizee alikiweka chungu chini, kwa upole, mdomo chini kama kilivyotakiwa kukaa. Akapangusa mikono yake kwenye nguo na kuondoka, na wale wanne wakageuka na mizigo yao bila kuishusha.

Habari ilitembea sokoni kwa kasi kuliko miguu. Kufikia adhuhuri hakuna aliyeinama tena mbele ya majani ya Angetile. Wengine walipita mbali, wakapitisha mkono puani kwa mzaha. Mwanamume mmoja muuza kamba aliuliza kama vyungu vinauzwa na mboga yake.

Ambrose alikuwa bado yupo. "Umeharibu mwenyewe," alisema. "Lakini lina dawa. Ibadili alama. Tia vidole vitatu. Mwezi ujao unashuka ukiwa mfinyanzi mwingine kabisa, na wale hawatakumbuka. Kampuni yetu ya sabuni ilifanya hivyo mara mbili."

"Sabuni ilikuwa inaunguza ngozi?" Zebedayo aliuliza.

"Mara moja tu," Ambrose alisema, bila mzaha.

Zebedayo alitema mate mchangani. Angetile alikuwa akimtazama Ambrose kama mtu anavyotazama funza ndani ya embe ambalo ameshauma.

"Basi vimekwenda viwili," Ambrose aliendelea. "Sitadai kimoja kizima. Nipe mpunga wa nusu chungu, na wa Marita kidogo."

"Mpunga huu una wenyewe," Angetile alisema. "Umekula kichwa cha mbasa. Nenda nacho."

Alikwenda. Hakuonekana kukasirika. Hatua thelathini mbele, Lutengano mmoja alikuwa amefungua kibanda cha chai wiki ile, na kabla mtumbwi haujafungwa kamba ya pili, Ambrose alikuwa ameketi humo na kikombe mkononi, anamwonyesha vidole, kimoja, viwili, vitatu. Marita alisimama mlangoni akiinusa chai na kutikisa kichwa kwa raha, watu wamwone.

Angetile alikichukua chungu kile hadi ukingoni mwa maji na kukipiga jiweni.

"Kitako chake ni kizima, shemeji," Zebedayo alisema. "Kinafaa kuwa kigae cha kuzungushia." Alisema hivyo kwa sababu wafinyanzi wa Ikombe huufinyanga udongo mbichi juu ya kitako cha chungu kilichovunjika, wakikizungusha kwa mkono.

"Sitaki kukaa nacho siku nzima mikononi."

Akaokota vipande vyote, hata vidogo, akavitupa ziwani kimoja kimoja, mbali. Kisha akaosha mikono. Hakukasirikia samaki wala Ambrose tena. Kilichomchukiza, na kilichomnyima hamu ya ugali jioni ile, ni jinsi alivyoushikilia ule mfuko, vizuri, kwa mikono miwili, ili mpunga wa uongo usimwagike.

Walilala kwa jamaa za Zebedayo karibu na ufuko.

Asubuhi, Ijumaa, kabla ya saa kumi na mbili, alijitwika mpunga na kwenda nyumba ya tatu toka kanisani. Aliuweka mlangoni, akaeleza kwa maneno machache kwamba miaka mitatu ile haikuwapo. Mwanamke alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akakileta chungu, akachukua mpunga na kufunga mlango. Dada yake, upande wa pili wa uwanja, alikuwa tayari amekipikia uji usiku. Alifikiri, akachukua nusu ya mpunga, akasema nusu nyingine Angetile abaki nayo mpaka aone kama chungu kitadumu.

Kutoka hapo hakurudi mtumbwini. Alitwaa kile kilichorudishwa, akanusa ndani: moshi tu. Akajitwika, akashika njia ya Ndandalo peke yake, kati ya mashamba ya mpunga yaliyokatwa nusu, tope likimfika kwenye vifundo vya miguu.

Bibi Asegelile alikuwa uani, anapepeta. Alimwona tangu mbali na hakusimamisha ungo. Angetile alisalimu, akashusha chungu, akakipindua mdomo chini mbele ya miguu ya kizee. Hakusema kilichomleta. Alinyamaza, kama inavyompasa mfinyanzi.

Ungo ulipanda na kushuka mara nyingi.

"Mikono yangu ina pumba," Bibi Asegelile alisema hatimaye. "Siwezi kugonga kitu sasa. Ngoja nimalize."

Lilikuwa limebaki rundo kubwa. Angetile aliketi chini, kando ya chungu chake, akangoja.